Mara ya Pili Sikuapa

Kerubo mwanangu,

Masanduku yako yako mlangoni, yamefungwa na kufunguliwa na kufungwa tena, na wewe umetoka kuwaaga wenzako. Habari za pasipoti, chanjo na maji ya kunywa huko Chennai, unakokwenda kusomea densi ya Kihindi, tumezizungumza mpaka ukaniambia, "Mama, nimesikia." Basi hapa hutazikuta. Naandika kwa sababu ya lile swali uliloniuliza ndani ya gari tulipokuwa tukitoka kwenye onyesho lenu, wanja bado uko machoni na vidole vyako vimepakwa nyekundu. Uliniuliza, "Kwa nini hukuapa tu mara ya pili? Yalikuwa maneno tu." Nami nikakwambia ufunge mkanda.

Naandika kwa Kiswahili, ingawa najua utasoma polepole. Miaka yote mimi nimekusemesha Kiswahili na wewe ukanijibu Kiingereza, na tumesikilizana vizuri tu. Lakini jambo hili lilitokea kwa Kiswahili. Nikijaribu kulieleza kwa lugha ya kazini linageuka kuwa kama ripoti ya mgonjwa ninayomwachia muuguzi wa zamu inayofuata.

Unajua kwamba mimi ndiye niliyetangulia huku Minnesota. Ulikuwa hujaanza kutembea nilipokuacha kwa nyanya yako Kisii, na baba yako alikuwa akifundisha shule ya msingi Nakuru. Tulipanga nisome kozi ya uuguzi, nipate kazi, kisha niwavute mje. Tulidhani ni jambo la mwaka mmoja. Makaratasi yakavuta, na mwaka ukazaa mwaka.

Mwanzoni sikuwa na mtu hapa. Kulikuwa na fundi bomba mmoja wa kwetu aliyekuwa na nyumba Eagan, akipangisha vyumba vya chini kwa Wakenya wageni. Nikachukua kimoja. Kile kingine walikaa wasichana wawili wa Nyamira, lakini baadaye walipata kazi mji mwingine wakahama, na kwa muda nikabaki peke yangu chini, yule fundi akiishi juu. Alikuwa mtu mkimya. Tulisalimiana asubuhi za theluji, kila mtu ameshika koleo lake, basi. Hata leo sijui kama alikunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Mlipokuja nilikuwa nimeshatoka pale na kupata apatimenti yetu, hapa hapa Eagan. Nilikuja kuwapokea uwanja wa ndege nimebeba koti lako la baridi mkononi. Ulijificha nyuma ya mguu wa baba yako ukamwuliza, "Huyu ni nani?" Watu waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani niliingia bafuni, nikafungua maji, nikalia. Nakwambia hili ili ujue hali niliyokuwa nayo siku zile. Nilitaka kupokelewa. Mtu aliye na njaa ya kupokelewa hukubali mambo mengi.

Shangazi yako wa Maple Grove ndiye aliyempa baba yako habari za nyumba ya fundi. Simlaumu kama nilivyokuwa nikimlaumu zamani. Alisema aliyoyajua, na aliyoyajua yalikuwa kweli: niliishi chini ya paa la mwanamume asiye mume wangu. Baba yako hakuniuliza. Alinyamaza wiki kadhaa, anakula chakula nusu na kusukuma sahani. Kisha Jumapili moja baada ya ibada tukaenda kwa shangazi yako, na nilipoingia sebuleni nikaona Biblia mezani na simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Baba mkubwa wako alikuwa kwenye laini kutoka Kisii.

"Mama Kerubo," akasema, sauti ikija na kupotea, "hapa hakuna anayekushtaki. Tunataka tu moyo wa kijana wetu utulie."

"Haujatulia?" nikamuuliza baba yako. Alikuwa akiitazama simu kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Ulikaa nyumbani kwa mwanamume," shangazi yako akasema. "Hilo si uongo."

"Si uongo. Nilipanga chumba."

"Basi apa. Asiye na kitu haogopi kuapa."

Nikaapa. Niliweka mkono juu ya Biblia nikataja jina langu na la baba yangu, nikasema kwamba sikumjua mwanamume mwingine tangu siku niliyoolewa. Baba mkubwa akasema amina. Shangazi yako akaenda jikoni akarudi na kuku na chapati, na tukala. Baba yako aliniwekea kipande cha paja kwenye sahani yangu, mbele ya watu. Nilifurahi, Kerubo. Watu huniuliza kama niliona aibu. Hapana, siku ile nilifurahi. Nilidhani limekwisha.

Ulichelewa kulala siku ile kwa sababu ulikuwa umeshiba soda. Baba yako alikuimbia. Tulikuwa na miaka mizuri baada ya hapo, na sitaki uondoke ukidhani sivyo. Alikufundisha kuendesha baiskeli kwenye maegesho ya magari. Alipika matoke Jumamosi mimi nikiwa kazini. Katika miaka ile hakuniuliza tena habari ya fundi, na mimi nilichukulia kwamba asiyeuliza amejibiwa.

Mwaka ule gari langu lilipokufa ilikuwa Januari, baridi ile ya kugandisha kope. Nilikuwa nimehamishiwa nyumba ya wazee ya Roseville, zamu ya usiku. Bahati alikuwa akifanya kazi pale pale, naye na mkewe Mama Furaha walikuwa wakiishi jengo la pili kutoka letu. Ni Wakongo, watu wa Uvira. Aliniona nimesimama kwenye kituo cha basi nimejifunga shuka juu ya koti, akasimamisha gari.

"Mama Kerubo, panda mu motokari," akasema. "Hii baridi itakuuwa. Na miye niko napita hapa hapa."

Nikapanda. Siku nyingine mkewe alikuwemo, siku nyingine hakuwemo. Ilikuwa hivyo mpaka theluji ikaanza kuyeyuka. Sikumficha baba yako. Mwenyewe alikuwa akisimama dirishani akiniona nikishuka. Lakini kanisani mtu akasema, na mwingine akaongeza, na neno likasafiri mpaka Kisii likarudi likiwa limenenepa.

Safari hii kikao kilikuwa kwetu. Ulikuwa darasa la tatu, umekaa kwenye kaunta ya jikoni ukipaka rangi mchoro wa ramani. Shangazi yako alikuja na Biblia yake, na baba mkubwa akawa kwenye simu tena. Hawakuzunguka sana. Mimi nilikuwa nimetoka kazini, miguu imevimba, bado nimevaa sare. Nikasema Bahati ana mke na mkewe ni rafiki yangu, waulizeni. Shangazi yako akasema, "Haulizwi mtu mwingine. Unaulizwa wewe."

Kweli ni kwamba nilikuwa tayari kuapa. Hili hujawahi kulisikia kwa mtu yeyote. Niliunyoosha mkono. Nilichoka, nilitaka walale na mimi nilale. Ndipo baba yako akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayekusaidia kubeba mzigo, "Apa tu, Moraa, tumalize. Ulishaapa ile mara ya kwanza. Si kitu kigeni kwako."

Nikaurudisha mkono.

Nikamwambia, "Mara ya kwanza niliapa ili unijue. Kama bado hunijui, sina neno jingine nililobakiza."

"Kwa hiyo unakataa?" shangazi yako akauliza.

"Nakataa."

"Unajua maana ya kukataa?"

"Najua mtakavyoisema."

Nikaichukua ile Biblia nikampa mkononi, nikaingia jikoni. Nilianza kukata sukuma wiki kwa sababu ilikuwa saa ya chakula na wewe ulikuwa hujala. Uliniambia mwaka jana kwamba kumbukumbu yako ya siku baba alipoanza kuondoka ni mimi nikipika, na kwamba ilikuuma kuniona napika. Sikukujibu wakati ule. Jibu ni hilo: ulikuwa hujala.

Baba yako hakuondoka siku ile. Alikaa mpaka shule zilipofungwa, tukizungukana ndani ya nyumba kama watu wa zamu mbili tofauti, kisha akapata kazi Dallas. Kabla ya kwenda alikukalisha kitandani kwako akakwambia maneno ambayo umeyabeba mpaka leo: "Mama yako angesema neno moja tu tungekuwa wote." Nilikuwa koridoni, nikasikia. Nilitaka kuingia. Nilifikiri nikiingia utakuwa na wazazi wawili wanaogombana kitandani kwako, na nikafikiri utakapokua nitakueleza. Umekua, umeniuliza, na nimekwambia ufunge mkanda. Ndivyo mtu anavyokuwa mtumwa wa kimya chake.

Kukataa kule hakukunifanya shujaa, maana naona siku hizi unanitazama kwa jicho hilo. Kulinifanya mkavu. Niliacha kupanda gari la mtu yeyote, hata la wanawake wenzangu. Nilitembea kwenye barafu hadi kituoni mpaka nikanunua gari jingine. Nilimkwepa Bahati kazini kama vile yeye ndiye aliyenikosea, na nilimpita Mama Furaha kwenye maegesho nikitazama funguo zangu. Ni yeye aliyekuja. Aligonga mlango akiwa na sufuria ya sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, imefunikwa taulo, akaingia bila kungoja.

"Weye," akasema, "maneno ya watu ndiyo itatuachanisha siye? Miye bwana yangu namujua. Na weye nakujua. Kula."

Nilikula nimesimama. Alinipa bure kile kitu nilichokuwa nimekiomba kwa watu wangu kwa mkono juu ya Biblia. Nilichukua muda mrefu kuamini kwamba kinaweza kutolewa bure.

Wakati huo huo wewe ulikuwa umeanza kupiga sakafu kwa miguu. Kila ukirudi shuleni, du-du-du, du-du-du, mpaka picha zinatikisika ukutani. Nilidhani ni hasira za mtoto aliyeachwa, nikakuacha. Sikujua ulikuwa ukichungulia darasa la densi ya Kihindi la Mwalimu Vasanthi katika ukumbi wa jengo letu. Jumamosi moja hodi ikapigwa, nikafungua, nikamkuta mwanamke wa makamo mwenye msuko mmoja mrefu mpaka kiunoni. Akasema anaishi chini yetu. Nikaanza kuomba radhi kabla hajamaliza.

"Sikuja kwa sababu ya kelele," akasema. "Nimekuja kuona ni nani. Anapiga kwa wakati, lakini anatua kwa kisigino peke yake. Ataharibu magoti."

Hivyo ndivyo ulivyoanza, na unayajua mengine. Ambacho hukijui ni kwamba miaka ile ya kwanza nilikuwa nikikupeleka darasani kwa roho nzito. Mimi ni mtu wa kanisa, na densi ile husimulia habari za miungu yao. Mke wa mchungaji aliniita pembeni akaniuliza, "Anacheza au anaabudu?" Nikamwambia anacheza. Nilimjibu haraka kuliko nilivyokuwa na hakika. Nikaanza kukaa hadi mwisho wa darasa ili nione kwa macho yangu, na kwa kukaa huko tukawa marafiki, mimi na mwalimu wako. Chai yao na yetu ni ndugu, maziwa na tangawizi, kwa hiyo tulikuwa na pa kuanzia.

Alipokuchagua ucheze Sita, mwanamke wa hadithi yao ya kale, alipanda kwangu kunieleza huyo Sita ni nani, maana alijua nitauliza. Alikaa pale pale unapokaa wewe ukinywa uji.

Akaniambia kwamba Sita hakuzaliwa na mwanamke. Mfalme mmoja alikuwa akilima, jembe likafunua mtoto mchanga kwenye mfuo wa udongo, kwa hiyo mama yake ni ardhi. Akaolewa na Rama, mwana wa mfalme wa nchi nyingine. Rama alipofukuzwa kwenda kuishi mwituni, Sita alikataa kubaki ikulu, akamfuata. Huko mwituni mfalme wa kisiwa cha mbali akamteka, akamweka kwenye bustani yake, leo anambembeleza, kesho anamtisha, awe mkewe. Sita hakukubali. Vita vikapigwa, Rama akashinda. Siku ya kukutana, badala ya kumkumbatia, akasema mbele ya majeshi kwamba mke aliyekaa nyumbani kwa mwanamume mwingine hawezi kumpokea hivi hivi. Sita akaagiza moto uwashwe, akaingia mwenyewe, na moto ukamrudisha bila kuungua hata ukucha. Wakarudi kwao, Rama akatawazwa, yeye akakaa kando yake.

Niliweka kikombe chini. Nikasema, "Imekwisha vizuri."

"Bibi yangu alikuwa akiishia hapo," Mwalimu akasema. "Wengi huishia hapo. Haijaisha."

Akaendelea. Watu wa mji wakaanza kunong'ona kwamba mfalme anaishi na mwanamke aliyekaa kwa mwingine. Rama, ili watu wake wasimdharau, akaamuru Sita apelekwe mwituni, mjamzito. Mtawa mmoja akampokea, akajifungua mapacha wa kiume huko, akawalea. Mtawa akawafundisha watoto kuimba hadithi yote ya wazazi wao, na walipokua wakaenda kuiimba mbele ya mfalme bila kujua kwamba ni baba yao. Mfalme akawatambua. Akaagiza Sita aletwe. Naye alipokuja, mbele ya watu wote, akaombwa athibitishe usafi wake mara nyingine tena. Sita akasema: kama nimekuwa mkweli, mama yangu ardhi anipokee. Ardhi ikafunguka, akaingia, ikafunga.

Nilianza kufuta meza iliyokuwa safi. Mwalimu alidhani Kiingereza chake kimenipita, akataka kurudia. Nikamwambia hapana, nimeelewa.

Nilimuuliza watu wa kwao wanamchukuliaje mwanamke huyo. Akasema inategemea nani anaongea. Bibi harusi huambiwa awe kama Sita, maana yake avumilie, amfuate mume hata mwituni. "Nami niliambiwa hivyo," akasema. "Nikamuuliza mama mkwe, Sita yupi, wa motoni au wa ardhini? Hakucheka." Akasema wako wanawake wanaomwomba, wako wanaomkasirikia kwa kuingia motoni, na wako wasioweza kumsamehe Rama ingawa wanamwabudu. Hadithi ni ya zamani mno, akasema, na bado hawajakubaliana.

Ulikuwepo kwenye mazoezi siku wazazi walipolalamika, lakini ulikuwa nyuma ya pazia ukirekebisha njuga zako, hukusikia yote. Baba mmoja alisimama akasema kwa adabu kwamba onyesho liishie kwenye kutawazwa. Watoto wanatazama, akasema, tuwape mwisho mwema. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu wako alishikilia kwamba mwisho ni mwisho, na sauti zikaanza kupanda. Ndipo nyanya wa msichana aliyekuwa akicheza mmoja wa mapacha akasema kutoka kiti cha nyuma. Ni mama mzee, amevaa sweta juu ya sari kwa sababu ukumbi ulikuwa baridi. Alisema kwa lugha yao, na mjukuu wake akanifasiria sikioni.

"Tangu nikiwa mtoto nimeambiwa nivumilie kama Sita," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Sita naye alichoka. Mwacheni binti acheze."

Hakuna aliyeendelea kubishana. Yule baba aliyesimama alikuwa mwanawe.

Basi ukacheza. Nimekuona ukicheza mara nyingi, lakini siku ile nilishika mkono wa Mama Furaha kuanzia moto mpaka mwisho. Nilitazamia kwamba sehemu ya ardhi utaicheza kwa uchungu, au kwa hasira, maana wewe ni mwepesi wa hasira. Hukufanya hivyo. Ulimtazama yule msichana aliyekuwa Rama kwa muda, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwangalia mwenzake mlangoni kabla ya kwenda kazini. Halafu ukawatazama mapacha. Halafu ukashuka. Nilikuuliza baadaye nani alikufundisha ule mtazamo, ukasema hakuna, ulijisikia tu kwamba mtu aliyekwisha kuamua hana haja ya kupiga kelele.

Kisha garini ukaniuliza swali lako.

Jibu langu ni hili, na si kubwa. Mara ya pili sikuapa kwa sababu niliona kwamba kiapo cha kwanza hakikufanya kazi niliyodhani kimefanya. Nilidhani kimemfanya baba yako aniamini. Kumbe kilimpa mahali pa kurudi kila atakapotiwa shaka, na mimi nilikuwa nimempa kwa mkono wangu mwenyewe, na kuku nikala. Ningeapa mara ya pili, ingekuja ya tatu. Ningezeeka nikiapa, nawe ungekua ukidhani hivyo ndivyo wanawake wanavyokaa ndani ya ndoa. Hilo la mwisho nisingependa udhani nililifikiria siku ile. Siku ile nilisikia tu "si kitu kigeni kwako" na mkono ukarudi wenyewe. Sababu nimezitafuta baadaye.

Kama nilifanya sawa, sijui kila siku. Kuna majira ya baridi nilikuangalia ukiongea na baba yako kwa video, ukimwonyesha jino lililong'oka, nikajiambia, Moraa, yalikuwa maneno tu. Mtu mwingine angeapa, akakaa, na pengine baba yako angepoa na umri. Siwezi kukuapia kwamba asingepoa. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile hakuna aliyeniweka mbele ya simu na kitabu, na nimelala usingizi wangu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe linalonifanya nikae hapa kuandika badala ya kukupikia. Kesho unaanzia Dallas, ukae kwa baba yako wiki moja kabla ya kuvuka bahari. Hilo ni jema, nami ndiye niliyekushauri ukate tiketi hivyo. Lakini juzi ukifunga njuga zako kwenye kanga uliniambia, "Nitamchezea baba ile sehemu ya mwisho, pale pale sebuleni. Nataka aone." Ulisema kwa sauti ya mtu anayekwenda mahakamani.

Wale mapacha waliimba mbele ya baba yao bila kujua ni nani. Wewe unajua, na ndiyo sababu ya wasiwasi wangu. Tena usisahau kilichofuata baada ya wimbo wao: mama yao akaitwa tena kuulizwa lile lile. Mimi sitaki kuitwa. Ukimchezea ili umshinde, atajitetea, na akijitetea atampigia dada yake, na dada yake atampigia baba mkubwa, na nitakuta simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari mahali fulani kwa ajili yangu. Kesi ile niliifunga mwenyewe. Usinifungulie kwa mapenzi.

Mchezee kama anataka kukuona ukicheza, maana ni baba yako, na ameuona mchezo wako kwenye simu tu. Mchezee moto, mchezee mwitu, mchezee hata ardhi. Lakini mtazame kama ulivyomtazama yule msichana jukwaani. Akilia, mwache alie. Asipoelewa, mle chakula. Anapika matoke vizuri kuliko mimi, na magoti yake yanamuuma siku hizi, kwa hiyo wewe ndiye uoshe vyombo.

Na huko uendako watakuuliza maswali. Msichana mweusi kutoka Minnesota, mtu wa kanisa, anayecheza Sita: watataka kujua umetoka wapi, umeruhusiwa na nani, unaamini nini. Mengine yatakuwa maswali ya kweli, uyajibu kwa moyo mweupe hata yakikuudhi, kama nilivyopaswa kukujibu wewe. Mengine hayatakuwa maswali. Sina kipimo cha kukupa cha kuyatenganisha. Mimi nilihitaji kuulizwa mara mbili ndipo nikajua.

Kitu kimoja katika hadithi ile kilinisumbua mpaka nikakizungumza na Mwalimu Vasanthi. Nilimwambia, watoto je? Mama ameingia ardhini, watoto wamesimama pale. Akasema ndiyo, hilo humsumbua hata yeye. Wewe usinihesabu pamoja na Sita katika hilo, mami. Mimi sikumezwa na ardhi. Nilikataa kuapa, nikakata sukuma wiki, asubuhi nikakupeleka shule. Niko hapa hapa Eagan, na Jumatatu nina zamu.

Ukifika Dallas mwambie baba yako sijambo. Usiongeze kitu. Akitaka kujua zaidi ya hapo, mwambie anipigie mwenyewe. Namba yangu sijaibadilisha.

Mama yako,
Moraa